Zabbix Inaponyamaza: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu Katika Programu ya Kufuatilia Seva

Programu ya kufuatilia seva ikikaa kimya, kimya hicho kinaweza kuwa na maana mbili zisizotofautiana kwa sura: ama seva zote ni nzima, ama programu yenyewe imekufa na hakuna aliyebaki wa kukupa habari. Nililijua hilo katika ofisi moja niliyoitumikia, asubuhi ambayo watumiaji walianza kupiga simu kabla sijafika kazini. Dashibodi ilikuwa ya kijani tupu, bila tatizo hata moja. Nilipofungua grafu nikaona mistari yote, ya seva zote, imekatika mahali pamoja, saa nane kasoro dakika nane usiku. Logi ya seva ya Zabbix ilikuwa na mstari mmoja uliojirudia kuanzia 01:52: "query failed: [1114] The table 'history_uint' is full". Diski ya mashine inayolinda mashine nyingine ilikuwa imejaa, na kwa sababu ndiyo iliyopaswa kutoa taarifa za diski kujaa, hakuna aliyepata taarifa yoyote.

Mwongozo huu unahusu Zabbix, programu huria iliyoasisiwa na Alexei Vladishev nchini Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001. Maelezo yanafuata toleo la 7.0 la mwaka 2024, ingawa karibu yote yanafaa pia kwa toleo la 6.0 isipokuwa mpangilio wa menyu. Msomaji ninayemkusudia tayari ameisakinisha, anaweza kutumia amri za Linux, na sasa kuna kitu kimemshinda.

Fuata safari ya namba moja

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanzisha upya huduma zote, au kufuta na kusakinisha tena, kabla ya kujua hitilafu iko wapi. Ukifanya hivyo tatizo linaweza kutoweka kwa saa mbili, nawe utakuwa umepoteza ushahidi. Chagua kipimo kimoja tu, tuseme asilimia ya diski iliyotumika kwenye seva moja, na ufuate safari yake. Namba hiyo huzaliwa kwenye seva inayofuatiliwa, ambako huchukuliwa na wakala wa Zabbix (agent), programu ndogo inayosakinishwa kwenye seva hiyo. Hupita mtandaoni hadi kwenye seva ya Zabbix. Hukaa kwa muda katika kache, yaani hifadhi ya muda ndani ya memori. Huandikwa katika hifadhidata. Hupimwa na kichochezi (trigger), yaani sharti linaloamua kama kuna tatizo. Na kichochezi kikikubali kwamba kuna tatizo, kanuni ya hatua (action) huigeuza kuwa ujumbe wa kukufikia. Kazi yako ni kutafuta mahali pa mwisho namba ilipoonekana ikiwa hai. Hitilafu iko kati ya hapo na kituo kinachofuata.

Kituo cha kwanza cha kuangalia ni ukurasa wa "Latest data". Chuja kwa jina la hosti, yaani seva au kifaa kinachofuatiliwa, kisha utazame saa ya mwisho ambapo kipimo kilipokewa. Ikiwa kipimo kimepokewa dakika moja iliyopita ilhali hukupata ujumbe, achana kabisa na mtandao na wakala, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya vichochezi na ujumbe. Ikiwa kipimo ni cha jana, endelea hapa chini.

Namba haifiki: nani anaanzisha mazungumzo?

Kabla ya kugusa ukuta wa moto (firewall), jiulize nani anampigia nani. Zabbix ina njia mbili, na watu wengi hupoteza siku nzima kwa kurekebisha upande usiohusika. Katika njia ya kwanza, seva ya Zabbix ndiyo inayomwendea wakala kupitia poti 10050 na kumuuliza thamani. Katika njia ya pili, ambayo kwenye kiolesura hutambulishwa kwa neno "active", wakala ndiye anayeiendea seva kupitia poti 10051, akaomba orodha ya vipimo vyake, kisha akawa anatuma majibu mwenyewe. Tawi lililo nyuma ya modemu ya mtandao wa simu, lisilo na anwani ya kudumu, haliwezi kufikiwa kwa njia ya kwanza, lakini kwa njia ya pili hufanya kazi vizuri.

Tuanze na njia ya kwanza. Ingia kwenye mashine yenye seva ya Zabbix, wala usitumie kompyuta yako ya mezani, kisha umuulize wakala kwa mkono:

zabbix_get -s 10.0.5.21 -k agent.ping

Jibu sahihi ni 1. Ukilipata, mtandao na ruhusa ni sawa, na kasoro iko katika usanidi wa hosti au wa kipimo, kwa mfano anwani ya IP iliyobadilika kwenye seva lakini ikabaki ya zamani katika Zabbix. Usipolipata, soma ujumbe wa kosa kwa makini, maana kila ujumbe una maana yake.

"Connection refused" kwa kawaida huonyesha kwamba mashine imefikiwa lakini hakuna anayesikiliza katika poti hiyo. Nenda kwenye seva inayofuatiliwa, uangalie kama wakala anaendeshwa na anasikiliza wapi:

systemctl status zabbix-agent2
ss -tlnp | grep 10050

Ukiona anasikiliza kwenye 127.0.0.1 pekee, tazama mstari wa ListenIP katika faili lake la usanidi.

"No route to host" ndio ujumbe unaopotosha zaidi. Ukiusoma kama ulivyo, utadhani njia ya mtandao imekatika, na utaanza kukagua ruta na kebo. Kwenye mashine za aina ya Red Hat zinazotumia firewalld, ujumbe huu mara nyingi hutokana na ukuta wa moto wa mashine hiyohiyo, ambao haukatai kwa kunyamaza bali hujibu kwamba mwenyeji hafikiki. Dalili ya kuutambua ni rahisi: ping inapita, lakini poti 10050 inakataa. Dawa yake ni hii, kwenye seva inayofuatiliwa:

firewall-cmd --permanent --add-port=10050/tcp
firewall-cmd --reload

Kwa Ubuntu, ruhusu anwani ya seva ya Zabbix pekee, kwani hakuna sababu ya wakala kufunguliwa kwa dunia nzima:

ufw allow from 10.0.5.10 to any port 10050 proto tcp

Muda ukiisha bila jibu lolote, kuna kifaa njiani kinachozitupa pakiti kimyakimya, na huenda ni ukuta wa moto wa ofisi au kanuni za usalama za mtoa huduma wa wingu. Hapo huna budi kuzungumza na mwenye kifaa hicho, ukiwa na anwani mbili na namba ya poti mkononi.

Mwisho kuna hali ambapo muunganisho unakubaliwa kisha unakatwa bila jibu, na seva inalalamika kwamba wakala amekata kwa sababu ya ruhusa. Fungua logi ya wakala, ambayo kwa kawaida ni /var/log/zabbix/zabbix_agent2.log, utakuta mstari wenye maneno "rejected, allowed hosts". Mstari huo unataja anwani iliyokuja na anwani inayoruhusiwa. Nakili ile iliyokuja uiweke kwenye Server= katika faili la usanidi, kisha uanzishe upya wakala. Usiandike anwani unayoidhani kuwa ndiyo ya seva. Iandike ile ambayo wakala ameiona, kwa sababu mashine yenye kadi mbili za mtandao au iliyo nyuma ya VPN huonekana kwa anwani usiyoitarajia.

Kwa njia ya pili, ambapo wakala hujituma, hitilafu kubwa kuliko zote ni jina. Thamani ya Hostname= katika faili la wakala lazima ilingane herufi kwa herufi na jina la hosti katika kiolesura cha Zabbix, pamoja na herufi kubwa na ndogo. Jina la kuonyeshwa, ambalo kiolesura huliita "Visible name", halihesabiwi. Logi ya seva itaeleza kwamba haiwezi kutuma orodha ya vipimo kwa kuwa hosti fulani "not found". Nimekutana na seva iliyoandikwa "DB-Kuu" upande mmoja na "db-kuu" upande wa pili, na mwenzangu alikuwa ameshabadilisha kanuni za ukuta wa moto mara tatu. Hakikisha pia ServerActive= inaelekea kwenye anwani sahihi, na kwamba poti 10051 iko wazi upande wa seva ya Zabbix, kwa kuwa hapa mwelekeo umegeuka.

Kipimo kimoja tu ndicho kinachokataa

Hosti ikiwa nzima lakini kipimo kimoja kimeandikwa "Not supported", weka kishale juu ya alama nyekundu ya kipimo hicho usome sababu. Mara nyingi ni skripti uliyoiandika mwenyewe. Watu huijaribu wakiwa root, ikafanya kazi, wakashangaa kwamba Zabbix inashindwa. Wakala huendeshwa na mtumiaji aitwaye zabbix, ambaye hana haki za root. Ijaribu kwa jina lake:

sudo -u zabbix zabbix_agent2 -t 'jina.la.kipimo'

Ikishindwa hapo, tatizo ni ruhusa za faili au za kanuni ya sudo. Ikifaulu lakini ikachukua sekunde nane, tatizo ni muda: kikomo cha kawaida cha kusubiri jibu ni sekunde 3. Kinaweza kuongezwa hadi sekunde 30 kwenye mstari wa Timeout=, na tangu toleo la 7.0 hupangwa pia katika kiolesura. Hata hivyo, skripti inayohitaji sekunde 25 isiachiwe wakala aisubiri. Iendeshe kwa cron, iandike jibu lake kwenye faili dogo, na wakala asome faili hilo.

"Zabbix server is not running"

Bango hili la juu ya ukurasa huwatia watu hofu. Kwanza thibitisha kama ni kweli:

systemctl status zabbix-server
tail -n 50 /var/log/zabbix/zabbix_server.log

Ikiwa huduma inaendeshwa na data mpya zinaingia, basi kiolesura cha wavuti tu ndicho kisichoweza kuongea na seva kupitia poti 10051, na kwenye mashine zenye SELinux, mfumo wa usalama wa Linux unaozuia programu kufanya yasiyoruhusiwa, sababu ya kwanza ya kushuku ni hiyo SELinux yenyewe. Usiizime. Ipe ruhusa mahususi:

setsebool -P httpd_can_connect_zabbix on
setsebool -P zabbix_can_network on

Ikiwa huduma imekufa kweli na inakufa tena kila unapoianzisha, tafuta katika logi maneno "please increase CacheSize". Hili hutokea hasa baada ya kuongeza hosti nyingi kwa mkupuo, au baada ya kuunganisha kiolezo (template) kikubwa cha swichi chenye vipimo kadhaa kwa kila poti. Kache ya usanidi imejaa, na seva haina njia ila kujifunga. Ongeza thamani ya CacheSize katika /etc/zabbix/zabbix_server.conf, kwa mfano iwe 256M, baada ya kuhakikisha kwamba mashine ina memori ya kutosha.

Data zinachelewa

Nenda kwenye menyu ya utawala, ufungue ukurasa wa "Queue". Utaona ni vipimo vingapi vimechelewa na kwa muda gani, vikigawanywa kwa aina. Mgawanyo huo una thamani kuliko jumla. Foleni ikiwa ndefu kwa aina moja, kama SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao), pengine kifaa fulani hakijibu na kinawachelewesha wakusanyaji wote (pollers), yaani michakato ya seva inayouliza thamani. Foleni ikiwa ndefu kwa aina zote, angalia vipimo vya ndani vya Zabbix: je, wakusanyaji wana kazi zaidi ya asilimia 75 ya muda, au ni waandishi wa hifadhidata? Wakusanyaji wakizidiwa, ongeza idadi yao kwa StartPollers kidogokidogo. Waandishi wakizidiwa, usiongeze wakusanyaji hata mmoja, kwa sababu utakuwa unazidisha maji kwenye mfereji ulioziba. Hifadhidata ndiyo inayohitaji msaada.

Matawi ya mbali yana habari yake. Mtandao wa tawi ukikatika kwa saa sita, seva haitakuwa na data za muda huo isipokuwa kama kuna proksi ya Zabbix kule, inayokusanya na kutunza hadi mtandao urudi. Lakini proksi nayo, kwa kawaida, hutunza data za saa 1 tu ikiwa haina mawasiliano na seva. Thamani hiyo ni ProxyOfflineBuffer, na huhesabiwa kwa saa. Kwa mahali ambapo nyaya hukatwa na wachimba mitaro na kurekebishwa kesho yake, ninaweka 72, nikihakikisha diski ya proksi inatosha.

Kuna pia uchelewaji ambao si uchelewaji: saa zisizolingana. Wakala anayejituma huandika saa ya mashine yake kwenye kila thamani, hivyo mashine iliyo nyuma kwa dakika ishirini itaonekana kana kwamba imeacha kuripoti dakika ishirini zilizopita. Amri ya "chronyc tracking" itakueleza. Grafu zikiwa mbele au nyuma kwa saa tatu kamili, saa za mashine ni sahihi ila ukanda wa saa umeachwa kwenye UTC. Chagua Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi katika mipangilio ya kiolesura, na uangalie kama mtumiaji mwenyewe hajachagua ukanda mwingine kwenye wasifu wake.

Hifadhidata na diski

Sehemu hii ndiyo iliyonigharimu ile asubuhi, kwa hiyo nitaieleza kwa hesabu. Tuseme una vipimo 3,000, kila kimoja hupimwa kila sekunde 60. Hizo ni thamani 50 kwa sekunde. Thamani moja ya namba huchukua takriban baiti 90 katika hifadhidata. Ukitunza historia ya siku 30, unapata 30 × 86,400 × 50 × 90, yaani karibu GB 11. Ukibadilisha muda wa kupima uwe sekunde 10, bila kuongeza hosti hata moja, unahitaji GB 65. Fanya hesabu hii kabla ya kununua diski, na uirudie kila unapoongeza kiolezo.

Diski ikishajaa, anza na kujua kilichoijaza:

SELECT table_name, ROUND((data_length+index_length)/1073741824,1) AS gb FROM information_schema.tables WHERE table_schema='zabbix' ORDER BY gb DESC LIMIT 5;

Amri hiyo ni ya MySQL na MariaDB. Jedwali la history_uint likiwa kubwa, ni wingi wa vipimo vya kawaida. Likiwa history_log au history_text, kuna mtu anayekusanya logi nzima za programu ndani ya Zabbix, jambo ambalo halikukusudiwa kwa wingi huo. Punguza siku za kuzitunza.

Hapa kuna mtego. Kupunguza siku za kutunza na kusubiri mfagizi wa ndani wa Zabbix (housekeeper) afute data za zamani hakutarudisha nafasi kwenye diski, kwa sababu InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, huiacha nafasi hiyo ndani ya faili lake ili itumike tena. Kuirudisha kwa OPTIMIZE TABLE huhitaji nakala ya jedwali iandikwe upya, na nakala hiyo nayo inataka nafasi. Ukiiendesha kwenye diski iliyojaa, utaongeza matatizo. Kwanza panua diski au uhamishe kitu kingine, kisha ndipo uifanye, tena usiku. Kwa mfumo mkubwa, gawa majedwali ya historia kwa siku, ili kufuta siku nzima kuwe jambo la sekunde moja. Kwa wanaotumia PostgreSQL, nyongeza yake iitwayo TimescaleDB hufanya kazi hiyo vizuri.

Usisahau innodb_buffer_pool_size, yaani memori ambayo MySQL hutengewa kwa data inazozitumia mara kwa mara. Thamani yake ya kawaida ni MB 128 tu, na nimeona mashine ya memori ya GB 32 ikihangaika kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Tatizo limeonekana, ujumbe haujafika

Fungua "Action log" katika ripoti. Kuna hali tatu. Ya kwanza, hakuna mstari wowote kuhusu tukio lako: kanuni ya hatua haikufanya kazi. Kumbuka kwamba kanuni inayokuja na Zabbix ya kuwaarifu wasimamizi imezimwa tangu mwanzo; lazima uiwashe. Pia mtumiaji asiye na ruhusa ya kusoma kundi la hosti husika hatapata ujumbe, hata jina lake likiwa kwenye kanuni, na Zabbix haitamlalamikia mtu. Ya pili, mstari upo na umeandikwa kwamba mtumiaji hana njia ya mawasiliano: fungua wasifu wake uongeze barua pepe au namba, na uangalie saa na viwango vya uzito alivyovikubali. Ya tatu, mstari upo na kosa la kutuma: nakili kosa hilo, kisha utumie kitufe cha kujaribu katika orodha ya njia za mawasiliano hadi lifaulu. Wanaotuma kupitia Gmail wanahitaji nywila maalumu ya programu, kwani tangu Mei 2022 nywila ya kawaida haikubaliwi.

Ujumbe unaozidi ni ugonjwa vilevile, na labda mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayepokea jumbe mia mbili kwa siku hasomi hata mmoja. Ruta ya tawi ikizimika na ukapata jumbe arobaini za seva zilizo nyuma yake, weka utegemezi: vichochezi vya seva hizo vitegemee kichochezi cha ruta. Kichochezi kinachowaka na kuzimika kila dakika kipewe masharti mawili tofauti, kwa mfano kiwake CPU inapozidi 90 kwa dakika tano mfululizo, na kizimike pale tu inaposhuka chini ya 70:

min(/db-kuu/system.cpu.util,5m)>90
max(/db-kuu/system.cpu.util,5m)<70

Sharti la kwanza ni la tatizo, la pili ni la kupona.

Nani anamlinda mlinzi

Baada ya usiku ule niliweka skripti ndogo kwenye mashine nyingine kabisa, yenye umeme na mtandao wake. Kila dakika tano huuliza kama seva ya Zabbix inasikiliza:

nc -z -w 5 10.0.5.10 10051

Ikishindwa mara mbili mfululizo, hutuma ujumbe mfupi wa simu kwa njia isiyopita kwenye Zabbix wala kwenye seva yetu ya barua. Kwa kuwa poti inaweza kuwa wazi huku hifadhidata imekwama, kama ilivyokuwa kwetu, skripti hiyo pia huuliza hifadhidata, kwa akaunti ya kusoma tu, ni lini thamani ya mwisho iliandikwa:

SELECT UNIX_TIMESTAMP() - MAX(clock) FROM history_uint WHERE clock > UNIX_TIMESTAMP() - 3600;

Jibu likizidi 300, au likirudi NULL, kengele inalia. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mimi huzima wakala wa seva moja ya majaribio kwa makusudi, nikaweka simu mezani na kutazama saa. Kwa mpangilio wetu, ujumbe unapaswa kufika ndani ya dakika nne. Ukichelewa, ninaanza tena na "Latest data".